Kusimamia Kanuni za Bidhaa za Ujenzi Unapobadilisha Madirisha ya Majengo ya Kihistoria Uganda: Mwongozo Kamili

Kwenye barabara kuu ya Jinja, mtu akiinua macho juu ya mabango ya maduka huona mwaka wa ujenzi, na mara nyingine jina la mfanyabiashara wa Kihindi aliyejenga, vikiwa vimefinyangwa kwa plasta kwenye ukingo wa paa. Plasta hiyo hudumu. Kinachotoweka kwanza ni madirisha, kwa sababu dirisha hung'olewa kwa nusu saa, halihitaji winchi, na kila fundi mjini anaamini kwamba kulibadilisha ni ukarabati mdogo usiohitaji karatasi.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mkaguzi wa majengo, msimamizi wa mradi na mwenye jengo. Unajibu maswali matatu: dirisha jipya linapoingia katika ukuta wa zamani, nani anathibitisha kwamba bidhaa hiyo inafaa, kwa ushahidi gani, na wakati gani. Swali la tatu ndilo zito zaidi, na jibu lake ni kabla ya dirisha la zamani kuguswa. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa msingi huo.

Hatua ya kwanza: elewa sheria zinazokutana dirishani

Dirisha moja husimamiwa na mikono kadhaa, na hakuna mkono mmoja unaolishika lote.

Mkono wa kwanza ni wa udhibiti wa majengo. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, pamoja na kanuni zake za mwaka 2020, inataka kazi ya ujenzi ifanywe kwa kibali cha kamati ya majengo ya wilaya au mji husika, na kamati hizo zinasimamiwa kitaifa na Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo, NBRB. Kubadilisha sehemu ya jengo lililopo nako kunaingia humo. Usikubali hoja kwamba kazi ni ndogo mno kuhitaji karatasi. Kama ni ndogo, ofisa wa udhibiti wa majengo ndiye wa kusema hivyo, kwa maandishi, wala si fundi.

Mkono wa pili ni wa viwango. UNBS, shirika la viwango la taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, lina mamlaka juu ya bidhaa yenyewe, yaani kioo, rangi, chuma au fremu inayoingia nchini au kutengenezwa hapa. Bidhaa zilizo chini ya viwango vya lazima zinapaswa kubeba alama ya ubora, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2018, na zile za kutoka nje ambazo zimo katika mpango wa ukaguzi kabla ya kusafirishwa zinapaswa kuja na cheti cha ulinganifu cha shehena husika, yaani hati inayothibitisha kwamba mzigo huo unakidhi kiwango. Kiwango kikiwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, namba yake hapa hutanguliwa na herufi US EAS.

Mkono wa tatu ni wa urithi. Sheria ya Makumbusho na Majengo ya Kumbukumbu (Museums and Monuments Act) ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1967, inalinda maeneo na majengo yaliyotambuliwa rasmi, na wizara inayohusika ni ile ya utalii, wanyamapori na mambo ya kale. Hapa ndipo penye tundu kubwa. Majengo mengi ambayo kila mwenyeji anayaita ya kihistoria hayamo kwenye orodha rasmi, na mkaguzi anayesubiri sheria ya urithi imsaidie atasubiri huku madirisha yakipakiwa kwenye pikipiki. Kwa jengo lisilo kwenye orodha, silaha yako ni masharti utakayoyaandika ndani ya kibali cha ujenzi, pamoja na mpango wa matumizi ya ardhi wa mji chini ya Sheria ya Mipango ya mwaka 2010. Ndani ya jiji la Kampala, maombi hupitia KCCA, mamlaka ya jiji hilo.

Hatua ya pili: thibitisha hadhi ya jengo na ya mwombaji

Tuma swali la maandishi kwa idara ya makumbusho ya wizara hiyo kuhusu hadhi ya jengo, na uhifadhi jibu kwenye faili hata kama ni la sentensi moja. Kisha tazama hati ya umiliki. Katika miji kama Jinja, Mbale na Masaka jambo hili si la kupita haraka, kwa sababu majengo mengi ya biashara yaliachwa Waasia walipofukuzwa mwaka 1972, yakapita chini ya bodi ya mali zilizoachwa, na baadhi yakarudishwa kwa wenyewe au warithi wao chini ya sheria ya mwaka 1982. Mpangaji aliyekaa miaka 30 huzungumza kama mwenye nyumba, tena kwa nia njema kabisa. Lakini kibali kilichotolewa kwa mtu asiye na haki ya kubadilisha jengo hakitamfunga yeyote siku utakapotaka kukitekeleza.

Hatua ya tatu: andika hali ya kila dirisha

Lipe kila dirisha namba, upande kwa upande na ghorofa kwa ghorofa, kisha liandikie hati fupi yenye picha ya nje, picha ya ndani, vipimo vya tundu la ukuta, vipimo vya fremu, aina ya bawaba na komeo, na unene wa kila kipande cha chuma au mbao. Unene huo pima kwa kaliper, kifaa cha kupimia unene, usikadirie. Chora mkato wa fremu kwa ukubwa wake halisi, kwa kuwa mchoro huo ndio utakaotumika baadaye kusema kama dirisha jipya linafanana na la zamani au la.

Majengo ya kabla ya uhuru kwa kawaida yana aina mbili. Ya zamani zaidi yana fremu za mbao, mara nyingi mvule, mti ambao seremala wa leo akiukata huutambua kwa harufu kabla ya rangi. Yaliyofuata, hasa ya miaka ya 1930 hadi 1950, yana fremu nyembamba za chuma zilizopitishwa kwenye mashine za kubana chuma cha moto, za mtindo uliosambazwa na viwanda vya Uingereza kama Crittall. Mengi ya madirisha ya chuma ya mwanzo hayakuzamishwa kwenye zinki, na ndiyo sababu yameshika kutu kwenye ukingo wa chini, pale maji ya mvua yanapotuama juu ya puti iliyopasuka.

Kutu huwa inatisha kuliko inavyostahili, kwa sababu ina ujazo mkubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Tabaka la kutu lililovimba kama mkate linaweza kuwa limekula milimita moja tu ya chuma. Chukua bisibisi, kwangua mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, halafu pima kilichobaki. Kwa mbao, choma ncha ya bisibisi kwenye pembe za chini. Ikizama kwa urahisi, kipande hicho kimeoza. Ikigoma, kinachohitajika ni rangi na puti tu. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, kwa hiyo kwangua ikiwa imelowa, usichome kwa moto wala kupiga msasa mkavu, na usiache vumbi mahali watoto wanapopita.

Hatua ya nne: amua kama kuna sababu ya kubadilisha

Mwombaji anapaswa kuonyesha, dirisha kwa dirisha, kwa nini lisitengenezwe. "Limezeeka" si sababu. Sababu zinazokubalika ni kama hizi: fremu imepoteza chuma kiasi kwamba haiwezi kuchomelewa kipande kipya, mbao imeoza zaidi ya pembe moja au mbili, au dirisha lililopo ni la miaka ya karibuni na halina thamani ya urithi. Jengo lenye madirisha 20 mara nyingi huishia kuwa na manne au matano ya kubadilisha na mengine yote ya kutengeneza, na kibali kitaje namba za hayo manne au matano badala ya kusema "kubadilisha madirisha".

Sehemu hii huamsha ugomvi, hasa na wafanyabiashara ambao tayari wamelipa malipo ya awali ya madirisha ya alumini. Ni heri ugomvi huo ufanyike mezani.

Hatua ya tano: andika masharti ya bidhaa mpya

Masharti yawe na vipimo. Maneno kama "yafanane na ya zamani" hayatekelezeki, kwa sababu kila mtu ana macho yake.

Anza na upana wa fremu unaoonekana ukiwa nje. Chukua tundu la upana wa milimita 1,000 lenye mbawa mbili. Fremu ya chuma ya zamani ikichukua milimita 35 kila pembeni na 50 katikati, kioo kinabaki na milimita 880. Fremu ya alumini ikichukua milimita 70 kila pembeni na 100 katikati, kioo kinabaki na 760. Umepoteza zaidi ya sehemu moja ya nane ya mwanga, na uso wa jengo umekuwa mzito kama mtu aliyevaa miwani ya mwingine. Andika kikomo kwa milimita, na uambatishe ule mchoro wa mkato.

Fuata na hewa. Dirisha la kusukuma pembeni hufunguka nusu tu, ilhali mbawa mbili za bawaba hufunguka karibu tundu lote, na kidirisha cha juu hutoa joto linalopanda. Wajenzi wa zamani walijua hali ya hewa ya hapa. Msanifu majengo Ernst May, aliyesanifu jengo la Makumbusho ya Uganda lililofunguliwa mwaka 1954 huko Kampala, alilifanya lipoe kwa hewa ya asili. Kwa hiyo sharti litaje eneo linalofunguka, kwa kila dirisha, lisipungue lililokuwapo. Mwenye jengo akilalamika kwamba hilo ni suala la urembo, mwambie akafanye hesabu ya umeme wa kiyoyozi.

Kwa kioo, taja unene, aina, na mahali kinapotakiwa kioo cha usalama: karibu na sakafu, kandokando ya mlango, na kwenye ngazi. Kioo kilichopashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu huwa na alama ya kudumu kwenye kona, na hakiwezi kukatwa baada ya hapo. Fundi akikuambia ataleta kioo kigumu na kukikata hapo hapo kwenye kazi, basi ama hakijui au hanacho. Kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa hutambulika kwa mstari mwembamba wa utando ukikitazama ukingoni kabla hakijaingizwa kwenye fremu.

Kwa chuma kipya, dai kizamishwe kwenye zinki baada ya kuchomelewa na kutobolewa, maana zinki iliyotangulia huungua kila mahali ncha ya welda inapogusa. Kwa mbao, taja aina ya mti, kiwango cha unyevu cha asilimia 12 hadi 14 kikipimwa kwa mita siku ya kupokea, na uhalali wa chanzo chake, kwa sababu mvule mzuri sokoni mara nyingi ni mvule usio na hati ya misitu. Rangi iwe na kiwango cha risasi kisichozidi sehemu 90 kwa milioni, ambacho ndicho Shirika la Afya Duniani linapendekeza.

Hatua ya sita: dai ushahidi, na uusome

Miaka michache iliyopita nilikaa barazani na mzee mmoja mwenye duka la vitambaa, mtu mwenye heshima zake, akanitolea faili la plastiki.

"Mwanangu, hii alumini ina cheti. Soma mwenyewe."

Nikasoma. Kilikuwa cheti cha ISO 9001, kizuri, chenye muhuri wa dhahabu.

"Hajji, hiki kinasema kiwanda kinatunza kumbukumbu zake vizuri. Dirisha lako halijatajwa humu."

Alikichukua, akakisoma upya polepole, kisha akampigia simu muuzaji mbele yangu. Hakuwa mdanganyifu. Alikuwa amedanganywa.

Cheti cha bidhaa kitaje aina ya bidhaa, namba na mwaka wa kiwango, ukubwa wa sampuli iliyopimwa, jina la maabara, na tarehe. Maabara iwe na ithibati ya ISO/IEC 17025, ambayo ndiyo inayohusu upimaji. Cheti cha ulinganifu cha shehena linganisha na ankara na idadi iliyo ghalani, kwa sababu cheti cha vipande 40 hakiwezi kufunika vipande 200. Ukiwa na shaka, peleka namba ya cheti UNBS na usubiri jibu. Muuzaji halali hatachukizwa na kusubiri. Madirisha yaliyoagizwa kutoka Ulaya huja na alama ya CE, nayo ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwa mujibu wa kanuni za huko. Haichukui nafasi ya matakwa ya Uganda.

Ugumu halisi uko kwenye dirisha lililotengenezwa kwa mkono. Fundi wa Katwe, Kampala, anayekunja na kuchomelea chuma chenye umbo la Z na T, au seremala wa Ndeeba, mtaa mwingine wa jiji hilo, anayechonga fremu sita kwa oda moja, hana maabara wala cheti, na mara nyingi kazi yake ndiyo inayofaa jengo kuliko chochote kilichotoka kiwandani. Ukimdai karatasi za kiwanda, umemfukuza na kumkaribisha muuzaji wa alumini. Ulaya walikutana na tatizo hili hili, na kanuni namba 305 ya mwaka 2011 ya Umoja wa Ulaya ikaruhusu mtengenezaji asitoe tamko la utendaji kwa bidhaa iliyotengenezwa kwa njia ya jadi, au kwa namna inayofaa uhifadhi wa urithi, bila mfumo wa kiwanda, kwa ajili ya kukarabati jengo lililolindwa rasmi. Sheria hiyo haina nguvu hapa, lakini hoja yake inafaa kuazimwa katika kuandika masharti ya kibali: malighafi zithibitishwe, na kazi ya mkono ikaguliwe kwa macho na kwa kipimo.

Kwa vitendo, mtake fundi alete risiti na alama za ubora za chuma, kioo, rangi na puti alivyonunua, cheti cha uzamishaji wa zinki kutoka karakana iliyofanya kazi hiyo, na mchoro wenye saini yake. Kisha mtembelee karakanani mara mbili, mara moja kabla ya kuchomelea na mara moja kabla ya rangi. Rangi huficha dhambi nyingi.

Hatua ya saba: dirisha la mfano

Kibali kiseme wazi kwamba dirisha moja tu ndilo litakalofungwa kwanza, na kwamba hakuna jingine litakalong'olewa mpaka hilo likubaliwe kwa saini. Lifungue na kulifunga mara kadhaa, pima fremu dhidi ya mchoro, limwagie maji kwa mpira kwa dakika 15 ukiwa umesimama ndani na kitambaa kikavu kwenye kizingiti, kisha vuka barabara ulitazame pamoja na majirani zake wa zamani. Tazama pia tofauti ya kioo, kwa kuwa kioo cha rangi ya shaba au cha kuakisi kama kioo cha kujitazamia huua uso wa jengo hata fremu ikiwa kamilifu. Dirisha hilo likikubaliwa linakuwa kipimo cha mengine yote, na picha zake huingia kwenye faili.

Hatua ya nane: ufungaji

Hapa sitakaa sana, kwani makosa ni yale yale kila mara. Alumini isigusane na saruji mbichi wala chokaa, kwa sababu ukali wa michanganyiko hiyo huila. Wekea utepe au rangi ya kinga. Povu la kujazia lisitumike kuziba tundu ambalo fundi alilipanua kwa nyundo bila sababu. Grili za zamani zirudi mahali pake, zikiwa na angalau moja kwa kila chumba cha kulala inayofunguka kutoka ndani, maana moto haungoji funguo. Madirisha yaliyotolewa yawekwe stoo na namba zake, na yasiuzwe mpaka kazi yote ikubaliwe.

Hatua ya tisa: kanuni zinapovunjwa

Ukikuta kazi inaendelea kinyume cha kibali, jambo la kwanza ni kuisimamisha kwa notisi ya maandishi itakayotaja jengo, namba za madirisha, sharti lililovunjwa, marekebisho yanayotakiwa na tarehe ya mwisho. Maneno ya mdomo yaliyosemwa kwenye ngazi hayana uzito mbele ya hakimu. Piga picha zenye tarehe, chukua sampuli ya kipande cha fremu au kioo mbele ya msimamizi wa kazi, ifunge, iwekee lebo, na wote wawili mtie saini. Akikataa kutia saini, andika kwamba amekataa na utaje shahidi.

Gawanya kosa kwa mwenye mamlaka nalo. Bidhaa isiyokidhi kiwango, iliyo dukani au ghalani, ni ya UNBS, na malalamiko yaambatane na ankara na picha ya lebo. Kazi isiyo na kibali au iliyokiuka masharti ni ya kamati ya majengo. Jengo lililo kwenye orodha ya urithi likiguswa, idara ya makumbusho iarifiwe siku hiyo hiyo. Ukipeleka kila kitu kwa kila ofisi, kila moja itadhani nyingine inashughulikia.

Adhabu si lengo la kwanza. Agizo linalofaa zaidi ni lile la kurudisha, yaani dirisha la zamani litengenezwe na kurejeshwa, au litengenezwe jipya kwa vipimo vya lile la zamani. Agizo hilo linawezekana tu kama mtu ana vipimo, na ndiyo maana hatua ya tatu imeandikwa kwa urefu.

Nilijifunza hilo kwenye jengo moja la ghorofa ambalo madirisha yake 14 ya chuma yaling'olewa mwishoni mwa juma lenye sikukuu, bila kibali. Jumatatu tulipofika, ukuta ulikuwa wazi na hapakuwa na mchoro wala picha ya karibu. Tulizunguka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu mpaka jioni. Mawili tuliyakuta nyuma ya mzani, yamepinda lakini mazima, yakiwa bado na vipande vya puti ya zamani, tukayanunua kwa kilo. Fundi aliyachukua hayo mawili, akayanyoosha, akayapima kwa kaliper, na kutokana nayo akatengeneza 12 mengine.